Mali ya mzazi ikiliwa, afya yake nayo huzorota

HUENDA baba yako anapokea pensheni kila mwezi na ana vyumba kadhaa vya kupangisha, lakini kila ukimtembelea unamkuta hana dawa za shinikizo la damu. Usiharakishe kulaumu uzee. Uliza kwanza pesa zake hushikwa na nani.

Kuna dhuluma isiyoacha alama mwilini. Mjukuu hutumwa kutoa pesa kwa simu, akaijua nambari ya siri, na tangu siku hiyo akawa anajikatia fungu lake. Mwingine hukaa na kitambulisho cha bibi na kula zile Sh2,000 za kila mwezi ambazo serikali huwapa waliotimiza miaka 70 kupitia mpango wa Inua Jamii. Wengine humletea mzee karatasi asizosomewa ili atie kidole gumba, kumbe anauza shamba.

Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO) hukadiria kuwa kila mwaka mtu 1 kati ya 6 waliotimiza miaka 60 hudhulumiwa kwa njia moja au nyingine. Kunyang'anywa mali ni mojawapo.

Mbona wazee hunyamaza? Mara nyingi anayewaibia ndiye anayewapikia na kuwapeleka hospitali. Mama huona aibu kumshtaki mwana aliyemzaa, na huogopa kuachwa peke yake. Aliyeanza kupatwa na ugonjwa wa kusahau akilalamika, huambiwa amesahau alikoweka pesa.

Madhara huonekana kliniki. Mgonjwa wa kisukari huruka mlo au hupunguza dawa ili zifike mwisho wa mwezi. Wasiwasi humnyima usingizi na kupandisha shinikizo la damu. Wengine hukata tamaa ya kuishi.

Ukishuku jambo, zungumza na mzazi faraghani, bila kumtaja mtu. Msaidie kubadilisha nambari ya siri na kuomba taarifa ya akaunti yake benki. Ikiwa ardhi imo hatarini, nendeni kwa msajili wa ardhi mkaombe zuio liwekwe. Kumbuka pia kwamba shamba la kilimo lililo chini ya bodi ya ardhi haliuzwi bila idhini ya bodi hiyo, na hapo unaweza kupinga. Chifu na polisi wapo, na Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 humpa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa.

Akianza kusahausahau, mpeleke kwa daktari mapema, angali anaweza kuamua mwenyewe kuhusu mali yake mbele ya wakili wake.

Na ikiwa wewe ndiye unayeshika pesa hizo, andika kila shilingi uwaonyeshe ndugu zako. Kama kumtunza mzazi kumekufanya uache kazi, sema wazi mkubaliane utakavyosaidiwa. Kujilipa kisirisiri ni wizi, hata kama unamwosha na kumlisha kila siku.