Ndege wa Moshi na Wenye Kuwaangalia

Katika mashamba ya mpunga ya Mabogini, chini ya mji wa Moshi, kumwangalia ndege ni kazi wala si mchezo. Mpunga unapoanza kukomaa, watu wazima kwa watoto hushinda shambani wakiamia, wakipiga madebe na kurusha mawe, kwani kundi la kwelea kwelea likitua mara moja tu huweza kumaliza jasho la miezi mingi. Kwa hiyo mkulima akiambiwa kwamba wako watu wanaoamka alfajiri siku ya mapumziko kwenda kuwatazama ndege, bila kuwafukuza wala kuwala, hana budi kucheka. Lakini watu hao wapo, na shughuli yao si ya kupoteza wakati.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Nairobi. Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege, chini ya chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe wa Afrika Mashariki kilichoasisiwa mwaka 1909. Matembezi hayo hayana mtihani wala sare. Mgeni asiyeweza kumtofautisha kozi na mwewe hutembea bega kwa bega na mtaalamu. Anayemwona ndege kwanza huwaonyesha wenziwe, na kila aliyeonekana huandikwa. Hapa Tanzania vijana wengi wa shule walionja elimu ya namna hiyo katika klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, na tangu miaka hiyo ya 1980 umekuwapo mradi wa kutengeneza ramani ya ndege wa nchi nzima, unaokusanya taarifa za watazamaji wa kila aina.

Moshi imebahatika kuliko miji mingi. Mji wenyewe uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha mlima kiko mita 5,895. Kati ya hapo na hapo kila ngazi ina ndege wake. Huko juu kabisa, msitu ukishaisha, yuko chozi wa rangi ya kijani kinachong'aa, anayetafuta chakula chake kwenye lobelia wakubwa, mahali ambapo maji huganda usiku. Wapagazi wanamfahamu vizuri kunguru mwenye shingo nyeupe, mwizi hodari wa chakula kambini.

Lakini wa kuanza naye, kwa maoni yangu, ni hondohondo. Huhitaji darubini kumwona, wala huhitaji kumtafuta, kwa kuwa sauti yake humtangulia. Maisha yake ya ndoa ni ya ajabu. Jike huingia katika tundu la mti mkubwa, kisha mlango huzibwa kwa udongo anaoletewa na dume, ukabaki ufa mwembamba tu. Humo hukaa zaidi ya miezi mitatu, akilalia mayai na kulea, naye dume humlisha kupitia ufa huo. Bwana R. E. Moreau na mkewe, walipokuwa Amani katika milima ya Usambara, waliyachunguza mambo hayo na kuyachapisha mwaka 1941. Wataalamu wamekadiria kwamba dume mmoja huweza kuleta matunda yapatayo 24,000 katika msimu mmoja wa kulea. Wako waume wa kibinadamu ambao wangefaa kusomewa hesabu hiyo.

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Tundu la kumtosha hondohondo halipatikani katika mti mchanga. Katika vihamba vya Wachagga, juu ya migomba na kahawa, wazee waliacha mifuruanje na miringaringa mirefu isimame iwe kivuli. Bei ya kahawa ilipoanguka, na watoto wakihitaji ada, mti huo ukawa mbao. Mwenye shamba hawezi kulaumiwa kwa kulisha nyumba yake. Lakini mti ukiangushwa leo, mjukuu wake ndiye atakayeona mwingine wenye tundu, endapo utapandwa.

Yupo pia kwezi wa Abbott, mweusi mwenye tumbo jeupe, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1897 kutokana na ndege waliopatikana Kilimanjaro. Duniani kote anaishi katika misitu michache ya milimani ya Kenya na Tanzania tu, na amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini. Ndege wa namna hii huweza kutoweka mahali bila mtu kushtuka, ikiwa hakuna aliyekuwa akiandika kwamba alikuwapo.

Msitu wa mlima uliingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, hivyo kuingia humo kuna taratibu zake na kiingilio. Lakini njia za vijijini kuelekea Mweka hazitaki ada, ila kupiga hodi kwa mwenye kihamba. Familia mbili tatu zinatosha. Ondokeni kabla jua halijawa kali. Darubini moja izunguke mikononi mwa wote, watoto wakiwa wa kwanza, na manati ziachwe nyumbani. Kati ya Oktoba na Machi watazameni mbayuwayu kwenye nyaya za umeme, wengi wao wakiwa wageni waliovuka Sahara. Mkimkuta bundi mchana, msimpige mawe kwa sababu ya maneno ya bibi; kazi yake kubwa ni kula panya.

Daftari la shilingi chache litatosha. Andikeni tarehe, saa, mahali, idadi, na ndege alikuwa juu ya mti gani. Asiyejulikana jina aandikwe alivyo: ukubwa wake, mdomo, mkia na sauti. Kisha rudini njia ileile mwezi ujao, mkatazame kama ule mfuruanje wenye tundu bado umesimama.