'Tukio' si 'tatizo': Maneno ya dawati la huduma yasimkwamishe mtumiaji

MSOMAJI mmoja anayehudumu katika kitengo cha teknolojia cha shirika la umma ameniandikia akiomba msaada. Kitengo chao kimepewa jukumu la kutia Kiswahili katika programu inayopokea malalamiko ya wafanyakazi kuhusu kompyuta, mtandao na mifumo ya kazi. Anauliza: kile ambacho mafundi hukiita 'insidenti' tukiite tukio, tatizo, hitilafu au kisa? Jibu halitoshei katika sentensi mbili, ndiyo maana nimelileta hapa.

Kwanza tuelewe dhana yenyewe. Programu nyingi za aina hii hufuata mwongozo wa ITIL, ulioanzia serikalini kule Uingereza katika miaka ya 1980 na ambao toleo lake la nne lilitolewa mwaka 2019. Kwa mujibu wa mwongozo huo, insidenti ni kukatizwa kwa huduma bila kupangwa, au kushuka kwa ubora wake. Kile kinachosababisha kukatizwa huko kina jina lake tofauti, na hapa ndipo neno 'tatizo' linapofaa. Printa ya ofisini ikikataa kuchapisha leo, kesho na kesho kutwa, hayo ni matukio matatu. Tatizo huenda likawa moja tu: waya uliochakaa ukutani.

Kwa nini basi nisipendekeze 'hitilafu', neno ambalo wengi wetu tungelikimbilia? Hitilafu ni kasoro iliyo ndani ya kitu. Umeme ukipotea mtaa mzima, huduma yako imekatika ilhali mashine yako haina hitilafu yoyote. Neno 'tukio', ambalo limetokana na kitenzi 'tukia', halimlazimishi anayeripoti kujua kilichoharibika. Linasema tu kwamba jambo limetokea.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya kisarufi. Katika mipangilio ya programu hizi, orodha ya hali huandikwa mara moja na kutumika kwa kila aina ya rekodi. Kiingereza hakisumbuki kwa sababu neno lake la 'kufungwa' halibadiliki hata likiambatana na nomino gani. Kiswahili kinadai upatanisho. Tukio limefungwa, hitilafu imefungwa, kisa kimefungwa. Sasa tazama: tukio, tatizo na ombi zote zimo katika ngeli ya LI-YA. Ukizichagua hizo tatu, 'limepokelewa', 'linashughulikiwa' na 'limefungwa' zitafaa kote. Ukiingiza 'hitilafu' katikati, skrini itaanza kusema 'hitilafu limefungwa', na mtumiaji ataamini kwamba Kiswahili cha kompyuta ni lazima kiwe kibovu. Si lazima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutayarisha Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004, na wakaonyesha kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kuzungumza Kiswahili.

Sasa nije kwenye neno linaloniudhi zaidi: 'limetatuliwa'. Kitenzi 'tatua' kimejengwa kwa kauli ya kutendua. Kuna 'tata', na unapoiondoa tata hiyo, umetatua. Kwa hivyo tatizo hutatuliwa, na neno linakaa mahali pake barabara. Lakini shabaha ya kushughulikia tukio ni kurejesha huduma upesi iwezekanavyo, hata kwa njia ya muda. Fundi akiizima mashine na kuiwasha, kazi ikaendelea, hajatatua lolote. Tata ingali pale pale. Mtumiaji anayesoma 'limetatuliwa' kisha mashine imgomee tena baada ya saa mbili ana haki ya kusema amedanganywa. Ningependa hali hiyo iitwe 'huduma imerejeshwa', na 'limetatuliwa' liachiwe tatizo.

Neno la pili la kuchungwa ni 'linasubiri'. Chukua mfano wa karani wa maabara ya hospitali ambaye mfumo wa kuingiza matokeo umemlalia. Anaripoti asubuhi. Fundi anamwandikia akitaka kujua kompyuta ni ipi, kisha anaiweka rekodi katika hali ya kusubiri. Karani anafungua skrini, anasoma 'linasubiri', na kwa ufahamu wake wa kawaida wa Kiswahili anajiambia kwamba foleni ni ndefu, atafikiwa. Kumbe anayesubiriwa ni yeye! Aghalabu programu hizi husimamisha saa ya makubaliano ya huduma pindi rekodi inapoingia katika hali hiyo. Isitoshe, zinaweza kupangwa zilifunge tukio zenyewe baada ya siku kadhaa za kimya. Matokeo ya wagonjwa yamerundikana, na ripoti ya mwisho wa mwezi inaonyesha kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Dawa yake ni kiambishi kimoja tu cha mtendwa: 'linamsubiri mtumiaji'. Afadhali zaidi, tumwambie moja kwa moja: 'tunasubiri jibu lako'.

Kuhusu kipaumbele, kanuni ni kwamba hupatikana kwa kuoanisha athari na uharaka. Athari hupima huduma na watu walioguswa. Uharaka hupima muda ambao kazi inaweza kustahimili. Wapo wanaotafsiri uharaka kuwa 'dharura', nami siafiki. Mkenya akisikia dharura anawaza ambulensi. Ukimwuliza 'dharura yako ni ya kiwango gani?' atajaza 'juu' kila mara, hata kama ni kipanya kilichopotea. Bora fomu imwulize kwa lugha ya kawaida: ni watu wangapi wamekwama? Kazi inaweza kungoja hadi lini? Hesabu iachiwe programu. Na ngazi zenyewe ziandikwe 'kipaumbele cha kwanza', 'cha pili', kwa sababu 'kipaumbele 1' na 'kipaumbele 5' humwacha mtu akijiuliza ni ipi iliyo kubwa.

Nimewahi kuona kitufe kilichoandikwa 'Zidisha tukio'. Aliyetafsiri alikusudia kulipeleka kwa wenye ujuzi au mamlaka zaidi, lakini nani mwenye akili timamu atabonyeza hapo? Kiswahili kina neno tayari, tena tunalipita kila siku kwenye mabango ya hospitali: rufaa. Zahanati ikishindwa, mgonjwa hupewa rufaa. Tukio likimshinda fundi wa dawati la huduma, nalo lipewe rufaa kwa mtaalamu. Kumwarifu mkubwa wa idara kwamba muda unayoyoma ni jambo jingine, na 'kupandisha ngazi' kunatosha.

Mpangilio mmoja zaidi haufai kusahauliwa. Huduma za eCitizen zilipotatizika Julai 2023, Waziri Eliud Owalo alithibitisha kwamba mfumo ulikuwa umeshambuliwa, huku akisema hakuna data iliyopotea. Kwa mwananchi aliyeketi mbele ya skrini, shambulio na waya uliokatika vina sura moja: 'sistimu iko chini'. Kisheria haviko sawa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai kwamba data binafsi ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu shirika lilipotambua. Hivyo basi, pamoja na 'kuna kitu hakifanyi kazi' na 'ninaomba huduma', fomu iwe na chaguo la tatu: 'nashuku mtu ameingilia taarifa zetu'. Chaguo hilo lisipitie foleni ya printa na vipanya. Lipangwe liende moja kwa moja kwa afisa wa ulinzi wa data, hata ikiwa ni usiku wa Jumamosi.