Je, Wajua? Ubongo Hutikisika Pasipo Jeraha

Je, wajua kwamba mchezaji aweza kutikisika ubongo pasipo kuzimia wala kutokwa na tone la damu, na kwamba aghalabu ndivyo inavyokuwa?

Tarehe 13 Julai 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia iliyochezwa Maracanã, mjini Rio de Janeiro, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani, akainuka, akaendelea kucheza kwa muda wa kama robo saa. Walakini fahamu zake zilikuwa zimekwisha kuvurugika, hata akamwendea mwamuzi, Nicola Rizzoli, akamwuliza iwapo mchezo ule ndio fainali yenyewe, naye mwamuzi akawaarifu wa upande wa Kramer, na Kramer akatolewa dakika ya 31.

Dalili za kuangaliwa ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, macho kuingia kiwi, kupepesuka, kujibu polepole na kusahau yaliyotokea punde.

Ikiingia shaka tu, mchezaji na atolewe, wala asirejeshwe uwanjani siku ile ile, ajapoapa kuwa ni mzima, kwa maana akili iliyotikisika si shahidi mwadilifu wa hali yake. Asiachwe peke yake, wala asiendeshe gari. Na akitapika mara kwa mara, akishikwa na degedege, maumivu yakizidi, au usingizi ukimlemea, apelekwe hospitali hima. Baada ya kupumzika siku moja au mbili, huanza mazoezi mepesi, akapanda daraja kwa daraja, hata tabibu amridhie kurudi mchezoni.