Vyura Wawili wa Kioo, Bonde Moja Kati Yao

Mweke chura huyu juu ya kioo, umtazame kwa chini. Ngozi ya tumbo haifichi kitu: moyo mwekundu unadunda, ini na utumbo vimevikwa utando mweupe. Mgongo ni wa kijani wenye madoa ya manjano, na mwili mzima hauzidi sana sentimita 2.

Ekuador ina vyura wawili wa sura hiyo, Hyalinobatrachium mashpi na Hyalinobatrachium nouns, waliotangazwa pamoja mwaka 2022 na Juan Manuel Guayasamin na wenzake. Makazi yao, kwenye miteremko ya magharibi ya Andes, hayajaachana hata kilomita 20. Mashpi yuko kusini mwa mto Guayllabamba. Nouns yuko kaskazini, katika milima ya Toisán. Kwa macho, hata mtaalamu hubabaika. Vinasaba ndivyo vilivyofichua siri: katika jeni iliyopimwa, wanatofautiana kwa karibu asilimia 5, pengo kubwa kwa vyura wanaofanana hivyo.

Watafiti wanaona kwamba bonde la Guayllabamba ndilo lililowatenga, kwa kuwa huko chini kuna joto na ukavu kuliko mlimani. Vyura wa jamii hii hutaga mayai kwenye majani yaliyo juu ya vijito, dume huyalinda, na viluwiluwi wakianguliwa hudondoka majini. Kiumbe wa maisha hayo havuki bonde kavu kirahisi.

Hapo ndipo hesabu ya uhifadhi inapobadilika. Tungewachukulia kuwa spishi moja, msitu wa kaskazini ukifyekwa tungejiliwaza kwamba kusini wamebaki. Sasa tunajua kwamba hakuna wa akiba. Eneo la kila mmoja ni dogo, na watafiti walipendekeza wote wawili wahesabiwe kuwa hatarini kutoweka. Misitu inakatwa kupisha mashamba na mifugo, na uchimbaji madini unatishia kuchafua vijito wanamokulia viluwiluwi.

Sheria inaweza kusaidia. Katiba ya Ekuador ya mwaka 2008 inaipa mazingira asilia haki zake, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba iliitumia kuzuia uchimbaji katika msitu wa Los Cedros, ulio katika ukanda huohuo. Lakini mahakama hutetea kilichoorodheshwa. Tathmini ya mazingira inayotambua vyura kwa sura tu itaandika jina moja penye spishi mbili, na kibali kitatolewa kwa hesabu hiyo pungufu. Vipimo vya vinasaba vifanyike kila upande wa bonde kabla ya leseni kutiwa saini.