Kiwango cha Urasili katika Damu kama Kitabiri cha Mwitiko wa Mwili kwa Tiba ya Fluorourasili

Metaboliti ni molekuli ndogo zinazopatikana mwili unapovunja na kuunda sukari, asidi za amino, mafuta na viambajengo vya vinasaba. Kwa kuwa nyingi hupita katika damu, watafiti wa saratani huzipima kwa matumaini ya kutabiri mgonjwa yupi atanufaika na dawa ipi. Sehemu kubwa ya matumaini hayo haijavuka mlango wa maabara. Urasili imeuvuka, ingawa inachotabiri si kusinyaa kwa uvimbe bali uwezo wa mwili kuihimili dawa.

Fluorourasili, iliyotangazwa mwaka 1957 na Charles Heidelberger na wenzake nchini Marekani, hutofautiana na urasili ya asili kwa atomu moja tu ya florini. Mpaka leo hutumika, pamoja na kapesitabini ambayo hugeuka kuwa fluorourasili mwilini, katika kutibu saratani za utumbo mpana, tumbo na matiti. Kimeng'enya kiitwacho dihidropirimidini dehidrojenezi, kwa kifupi DPD, huvunja zaidi ya asilimia 80 ya dawa hiyo, hasa katika ini. Kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja urasili. Kikiwa dhaifu, urasili hurundikana katika damu hata kabla ya dozi ya kwanza kutolewa. Mgonjwa mwenye udhaifu huo akipewa dozi ya kawaida, huweza kupata vidonda vya kinywa, kuharisha kukali na kuporomoka kwa chembe nyeupe za damu, wengine hufariki.

Ufaransa ilipendekeza kipimo hiki mwaka 2018. Nanogramu 16 au zaidi kwa mililita ya plazma huashiria upungufu wa sehemu, na dozi ya kuanzia hupunguzwa. Kuanzia 150 upungufu huhesabiwa kuwa kamili, na dawa haitolewi. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya nalo lilipendekeza wagonjwa wapimwe kabla ya tiba, ama urasili ama vinasaba.

Njia hiyo ya pili ina pengo kubwa kwa Waafrika. Vipimo vya jeni la DPYD vilivyozoeleka Ulaya hutafuta mabadiliko manne yaliyobainishwa hasa kwa watu wenye asili ya huko. Badiliko la Y186C, ambalo hudhoofisha kimeng'enya na hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika, halimo. Kwa hiyo, majibu yasiyo na dosari yanaweza kumpotosha daktari wa Dar es Salaam au Kampala. Urasili haichagui badiliko. Huonyesha kazi ya kimeng'enya chenyewe.

Ugumu wake uko kwingine, tena mahali pasipotarajiwa: ndani ya chupa ya damu. Chembe za damu huendelea kutoa urasili baada ya damu kuchotwa, na katika joto la chumba kiwango hupanda upesi. Plazma hutakiwa kutenganishwa ndani ya takribani saa moja na nusu, au chupa ihifadhiwe kwenye baridi kwa saa chache tu. Sampuli iliyosubiri mezani humfanya mgonjwa mwenye kimeng'enya kizima aonekane ana upungufu. Hupunguziwa dozi bila sababu, na saratani hupata nafasi. Figo zisizofanya kazi vizuri nazo hupandisha kiwango hicho. Hospitali inayotaka kupeleka sampuli katika maabara ya mbali itahitaji kwanza mashine ya kutenganisha plazma karibu na wodi, friji inayofanya kazi, na mtu wa kuandika saa ambayo damu ilichotwa.