Baada ya Gavana Kusogea Mlangoni: Kweli na Uongo Kuhusu Weusi Katika Vyuo vya Kusini mwa Marekani

Habari za Weusi katika vyuo vikuu vya Kusini mwa Marekani husimuliwa kwa picha moja. Gavana George Wallace wa Alabama amesimama mlangoni mwa ukumbi wa Foster, tarehe 11 Juni 1963, akiwazuia Vivian Malone na James Hood wasiingie kujiandikisha. Picha ni ya kweli, ila imezaa hadithi nyingi ambazo si za kweli, na baadhi yake husimuliwa hata na watu waliosoma.

"Kabla ya miaka ya 1940, Mweusi na Mzungu hawakuwahi kusoma chuo kimoja huko Kusini."

Uongo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Chuo Kikuu cha South Carolina kilifungua milango yake mwaka 1873. Mwanafunzi wa kwanza Mweusi, Henry Hayne, alikuwa tayari kiongozi mkubwa katika serikali ya jimbo. Miongoni mwa maprofesa alikuwamo Richard Greener, Mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza Harvard, ambaye pia aliisimamia maktaba. Mwaka 1877 wapinzani wa usawa waliporudi madarakani, chuo kikafungwa. Kilipofunguliwa tena kilikuwa cha Wazungu watupu, na kikabaki hivyo hadi Septemba 1963. Huko Kentucky, chuo cha Berea kilisomesha watu wa rangi zote tangu 1866, mpaka bunge la jimbo lilipotunga sheria ya kukizuia mwaka 1904. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibariki sheria hiyo mwaka 1908. Kwa hiyo anayekwambia ubaguzi wa vyuoni ulikuwa mila ya tangu na tangu, mwulize mbona ulihitaji kutungiwa sheria.

"Hukumu ya Brown ya mwaka 1954 ndiyo iliyofungua vyuo."

Nusu kweli. Kesi ya Brown, ambamo Mahakama ya Juu iliharamisha kuwatenga Weusi, ilihusu shule za watoto. Vyuo vilianza kutikiswa mapema zaidi, kwa kesi za wanafunzi wa shahada za juu na wa sheria, kwa sababu mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walijua majimbo hayana cha kujitetea: hayakuwa na vyuo vya sheria vya Weusi vya kulinganisha na vya Wazungu. Texas, ili isimpokee mbeba barua aitwaye Heman Sweatt, iliamua kuanzisha chuo kipya cha sheria kwa ajili ya Weusi. Gharama ya ukaidi haijawahi kuwatisha wanasiasa, hasa inapolipwa na mlipa kodi.

Kesi ya George McLaurin ndiyo inayosema mengi zaidi. Alikuwa mwalimu mwenye umri mkubwa, akakubaliwa kusomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma, lakini akawekwa kwenye kichumba kando ya darasa, akimsikiliza mhadhiri kupitia uwazi wa mlango. Maktabani alikuwa na dawati lake la peke yake orofani, mbali na chumba cha kusomea. Kantini alikuwa na meza yake na saa yake ya kula. Mwezi Juni 1950, siku moja na hukumu ya kesi ya Sweatt dhidi ya Texas, Mahakama ya Juu ikasema kwamba mtu huyo, ingawa yumo ndani ya chuo, hapati elimu sawa na wenzake. Wanafunzi wa shahada ya kwanza ndio waliosubiri Brown, na wengi wao waliendelea kusubiri miaka mingi baadaye.

"James Meredith ndiye Mweusi wa kwanza kugonga mlango wa chuo cha Wazungu Mississippi, na Malone na Hood ndio wa kwanza Alabama."

Si kweli, na huu ndio uongo unaoniudhi kuliko wote, kwa sababu unawafuta walioumia.

Clyde Kennard alikuwa askari mstaafu wa vita vya Korea, mfugaji wa kuku karibu na Hattiesburg. Kuanzia 1955 aliomba kujiunga na chuo cha Mississippi Southern, kilichokuwa jirani na shamba lake. Hakuandamana wala hakupiga kelele. Alipeleka maombi na kuandika barua za hoja katika gazeti la hapo. Mwaka 1960 alishtakiwa kwa kuhusika na wizi wa chakula cha kuku cha dola 25, akahukumiwa miaka saba. Aliyeiba hasa, ambaye ushahidi wake ndio uliomtia Kennard hatiani, hakufungwa. Katika gereza la Parchman Kennard alipata saratani, akaendelea kupelekwa shambani kufanya kazi. Aliachiwa mapema 1963 akiwa hoi, akafariki tarehe 4 Julai mwaka huo huo. Mahakama ilimsafisha jina mwaka 2006.

Alabama nako alitangulia Autherine Lucy. Aliomba mwaka 1952, akaingia darasani Februari 1956 baada ya mahakama kuamuru. Bwenini hakuruhusiwa, wala katika ukumbi wa chakula. Siku ya tatu ya masomo umati ulimfuata kwa mayai na mawe, na chuo kikamsimamisha yeye, si umati, eti kwa usalama wake. Mawakili wake walipodai kwamba chuo kilishirikiana na wale wafanya fujo, akafukuzwa kabisa. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka 1988. Akarudi kusoma, akapata shahada ya uzamili mwaka 1992, mahafali moja na binti yake. Mapema 2022 chuo kiliamua kuliita jengo kwa jina lake, lakini likiambatana na jina la gavana wa zamani aliyekuwa kiongozi wa Ku Klux Klan. Ilibidi watu wapige kelele ndipo jina la yule bwana liondolewe. Bibi Lucy aliwahi kuhudhuria sherehe ya jengo hilo, akafariki siku chache baadaye.

"Wallace alipambana mlangoni akashindwa."

Alishindwa, ndiyo, lakini lile lilikuwa igizo zaidi kuliko pambano. Wakati mwakilishi wa serikali kuu, Nicholas Katzenbach, akisomeana matamko na gavana mbele ya kamera, wanafunzi wenyewe walikuwa wanasubiri garini. Gavana alipokataa kusogea, Malone hakurudishwa kwao. Alipelekwa bwenini akakabidhiwa chumba. Alasiri jenerali wa jeshi akamwomba Wallace apishe, naye akapisha. Wallace akajijengea jina la kugombea urais. Malone akahitimu 1965, Mweusi wa kwanza kuhitimu chuoni hapo.

"Waliokwisha kuingia waliishi kama wanafunzi wengine."

La hasha. Hapa ndipo picha za magazeti zinapotunyima habari, maana kamera ziliondoka na maisha ndiyo kwanza yakaanza.

Charlayne Hunter na Hamilton Holmes waliingia Chuo Kikuu cha Georgia Januari 1961. Hunter alipewa chumba cha peke yake chini kabisa katika bweni la Myers, wasichana Wazungu wote wakiwa orofani. Usiku wa tarehe 11, baada ya timu ya chuo kufungwa mpira wa kikapu na mahasimu wao wa Georgia Tech, umati ulikusanyika nje ya bweni na tofali likapita dirishani mwake. Wasichana wa juu nao walipokezana kukanyaga sakafu kwa vishindo ili asilale. Holmes aliishi mjini kwa familia ya Weusi, na wikiendi akarudi kwao Atlanta. Baadaye wote wawili walihitimu; Holmes akawa daktari wa mifupa, Hunter akawa mwandishi wa habari mashuhuri.

Katika Chuo Kikuu cha Mississippi mambo yalikuwa yale yale. Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 1962, watu wawili waliuawa katika ghasia za kumpinga Meredith, mmoja wao mwandishi Mfaransa Paul Guihard. Hiyo inajulikana. Kisichosimuliwa sana ni mipira iliyodundwa juu ya dari ya chumba chake usiku kucha, na meza za chakula zilizohamwa kila alipoketi. Alisoma chini ya ulinzi hadi Agosti 1963, na siku ya mahafali alivaa beji ya wapinzani wake, ile iliyoandikwa kwamba hilo halitatokea kamwe, akiwa ameigeuza juu chini.

Hata pale pasipo na damu, mipaka ilikuwepo. Chuo Kikuu cha North Carolina kilipopokea wanafunzi Weusi wa sheria mwaka 1951, kiliwapa tiketi za mpira za kuketi upande wa Weusi, mbali na wanafunzi wenzao. Walipogoma kukubali, chuo kikarudi nyuma.

"Mwafrika mgeni hakuguswa, ubaguzi ulikuwa kwa Weusi wa Marekani tu."

Mwulize Sam Oni, kijana wa Ghana aliyebatizwa na wamishonari Wabaptisti kutoka Kusini. Mwaka 1963 alikuwa mmoja wa Weusi wa kwanza katika chuo cha Kibaptisti cha Mercer, mjini Macon, Georgia. Chuo kilimpokea. Kanisa lililokuwa pale pale chuoni halikumpokea: Septemba 1966 alizuiwa ngazini asiingie kusali, na mchungaji aliyetaka apokewe akafukuzwa kazi. Sadaka za kupeleka injili Afrika zilikuwa zikikusanywa na waumini wa namna hiyo hiyo.

"Mechi ya 1970 ndiyo iliyoingiza Weusi katika timu ya Alabama."

Hadithi tamu. Chuo Kikuu cha Southern California, na mchezaji wao Mweusi Sam Cunningham, waliifunga Alabama 42 kwa 21 katika futiboli ya Kimarekani, ndipo, wasimuliaji wanasema, Wazungu wakafumbuka macho. Kumbe Wilbur Jackson, Mweusi, alikuwa ameshasajiliwa na Alabama kabla ya mechi hiyo, na wanafunzi Weusi walikuwa wamemshtaki kocha mahakamani tangu 1969.

"Vyuo vya Weusi vilikuwa kimbilio la waliokosa nafasi kwingine."

Sheria iliwafungia kwingine, hilo kweli. Lakini vijana wanne walioketi kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu watupu katika duka la Woolworth mjini Greensboro tarehe 1 Februari 1960 walitoka chuo cha Weusi cha North Carolina A&T, na jumuiya ya wanafunzi iliyoratibu migomo hiyo ya kuketi iliundwa Aprili mwaka huo katika chuo cha Shaw. Gharama yake ilikuwa damu. Tarehe 8 Februari 1968, polisi waliwaua vijana watatu katika chuo cha South Carolina State, Orangeburg, baada ya mzozo kuhusu ukumbi wa mchezo uliokataza Weusi.

Vyuo hivyo vinatuhusu hata sisi wa Afrika Mashariki. Mbiyu Koinange wa Kiambu, Kenya, alikwenda Hampton, Virginia, mwaka 1927, na aliporudi akaongoza chuo cha ualimu cha Githunguri. Jeanes School ya Kabete iliiga mfumo wa shule za Weusi wa Kusini, hata jina likatoka huko.

Na bado vinapunjwa. Mwaka 2023 serikali kuu iliwaandikia magavana 16 kwamba majimbo yao yalivinyima vyuo vya kilimo vya Weusi zaidi ya dola bilioni 12 katika miongo mitatu.

"Hayo ni ya kale."

Septemba 2013 gazeti la wanafunzi wa Alabama lilifichua kwamba vyama vya wasichana vya kizungu chuoni hapo, vyenye nyumba zao kubwa na ushawishi wao, vilimkataa msichana Mweusi mwenye alama za juu. Baadhi ya wanachama walisema wao walimtaka, wahitimu wa zamani ndio waliozuia. Wanafunzi na wahadhiri wakaandamana, rais wa chuo akaamuru usajili ufunguliwe upya, na katika siku chache wasichana Weusi kadhaa wakapewa mialiko.