Tarakilishi za Kale Ndani ya Mpya

Wapo walimu wengi huku Kusini mwa Pwani, kuanzia Diani hadi Msambweni, wanaoshikilia kwamba tarakilishi za miaka ya tisini hazina faida tena ila kuuziwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Kuhusu vyuma vyenyewe siwapingi. Hewa ya chumvi itokayo baharini haisazi hata mabati ya paa, seuze waya mwembamba wa ndani ya mashine. Lakini kutupa chuma ni jambo moja, na kutupa yaliyoandikwa kwa chuma hicho ni jambo jingine kabisa.

Mwanafunzi huenda akauliza: mtu atawezaje kuitumia tarakilishi ya mwaka 1995 pasipo kuwa nayo? Jibu ni mashine pepe. Programu kama VirtualBox, iliyotolewa kwa mara ya kwanza 2007, huitengea mashine hiyo sehemu ndogo ya kumbukumbu na ya diski ya tarakilishi ya kisasa, kisha huuhadaa mfumo endeshi wa zamani uamini kwamba umepata mashine yake wenyewe. Mfumo huo huwaka ndani ya dirisha, nao hufanya kazi kama ulivyofanya zamani. Wala huu si uvumbuzi wa juzi. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa namna hii, VM/370, mwaka 1972, ili tarakilishi moja kubwa iwatumikie watu wengi, kila mmoja akijiona ana yake. Na kama shida ni uwezo wa mashine, Windows 95 iliridhika na megabaiti 4 za kumbukumbu. Kipakatalishi cha leo chenye gigabaiti 4, ambacho vijana wetu hukidharau, kina zaidi ya mara elfu moja ya hizo.

Kwa nini basi nijishughulishe na mifumo iliyokwisha kustaafu? Kwa sababu Kwale ina lugha ambazo maandishi yake ni haba. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili ilitolewa 2004, na kazi kama hiyo hukusanywa kwa miaka, neno baada ya neno. Hiyo ilibahatika kufika kwenye karatasi. Je, vitendawili, ngano na orodha za maneno ya Kidigo na Kiduruma zilizopigwa chapa na walimu, zikawekwa katika disketi, na zisichapishwe kamwe?

Mwalimu mmoja mstaafu alinikabidhi disketi za aina hiyo. Tulianza kwa kuzisoma kwa kisomaji cha disketi kinachochomekwa kwenye tarakilishi mpya, tukinakili kila disketi nzima nzima kuwa faili moja la megabaiti 1.44. Faili hilo tulilipa mashine pepe, nayo ikalipokea kana kwamba ni disketi halisi. Kuna watakaoniambia kwamba LibreOffice hufungua nyaraka za WordPerfect bila taabu yote hiyo. Ni kweli, na penye nyaraka za kawaida sioni haja ya kuhangaika. Orodha zake, hata hivyo, zilikuwa zimepangwa kwa programu ya DOS ambayo hakuna programu ya kisasa tuliyokuwa nayo iliyoitambua. Ni programu ile ile ya kale tu, ikiendeshwa mahali pake, iliyozifungua na kuzipanga.

Darasani nako kuna faida yake. Mwanafunzi wetu amezoea kugusa kioo cha simu, asijue kinachotendeka nyuma yake. Mpe FreeDOS, mfumo wa bure ulioanzishwa 1994 na Jim Hall, ndani ya mashine pepe. Aandike amri mwenyewe, afute faili asilopaswa kufuta, aone mfumo ukigoma kuwaka. Mwalimu aliyehifadhi hali ya mashine kabla ya somo huirejesha kwa dakika moja. Tarakilishi ya shule haidhuriki, na mtoto ameona. Walimu wa Kiswahili nao wanaweza kufufua Jambo OpenOffice, iliyotolewa 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakalinganisha istilahi zake na hizi zetu za Kenya.

Tahadhari mbili tu. Mfumo kukoma kuuzwa hakuufanyi kuwa mali ya umma. Windows XP bado ina mwenyewe, na leseni yake hutakiwa. Tena mfumo huo uliacha kurekebishwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo mashine pepe yake ikatwe kabisa na intaneti.

Lililo la haraka zaidi ni disketi zenyewe. Ndani yake mna utando mwembamba wa sumaku, na unyevu wa masika huku kwetu huuotesha ukungu. Aliye nazo kabatini asingoje likizo ya Desemba.